Koo la Tahvo

Tahvo aliletwa hospitali Alhamisi asubuhi akinuka moshi na lami ya msonobari. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likabaki mstari, na chini ya taya, ndani ya ndevu nyeupe zilizomfika kifuani, nyama ilikuwa ngumu kama ubao. Jino lilimwanza Jumapili. Siku zote hizo alikuwa amejifungia kwenye sauna yake, kibanda cha mvuke kando ya ziwa, akijimwagia mvuke, akijipaka lami shavuni na kusukutua kwa pombe kali. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, na wote wawili walizikwa bila meno.

"Ugonjwa usioponywa na sauna, pombe wala lami, huo ni wa kwenda nao kaburini," alisema dada yake, Lempi, aliyemleta kwa gari. "Ndiyo kauli yake tangu Jumapili. Leo nikamwambia, haya, panda twende tukakuchagulie jeneza. Ndipo akapanda."

Tahvo hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, mikono magotini, mate yakimchuruzika kwenye kitambaa. Mtu anayeshindwa kumeza mate yake mwenyewe huwa amekwisha kuchelewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshafika hapo, kimevua viatu mlangoni.

Aliyempokea alikuwa Saimi, muuguzi wa nusukaputi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mikono myepesi, na sauti ndogo kiasi kwamba wenzake walimtania nayo. Kila Oktoba hospitali ile ilileta makoo ya nguruwe kutoka machinjioni, na watu wote wa chumba cha upasuaji wakajizoeza kukata shingo ili kufungua njia ya hewa, kwa siku ile ambayo mpira wa kupumulia utakataa kupita kinywani. Kila mmoja alitakiwa kutamka kwa sauti maneno yaliyobandikwa ukutani. Zamu ya Saimi ilipofika aliyanong'ona. Sirkka, muuguzi mkongwe anayepanga vyombo vya upasuaji, akamwambia, "Rudia, binti. Nguruwe hajakusikia." Watu wakacheka, Saimi naye akacheka, lakini hakurudia.

Sasa alikuwa na fomu mkononi.

"Umekula lini mara ya mwisho?"

"Juzi." Maneno ya Tahvo yalitoka yamevimba kama shavu lake.

"Kuna dawa inayokudhuru?"

"Hamna."

"Umewahi kulazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji?"

"Mara moja. Uswidi. Nilikuwa kiwandani, nikavunjika mguu. Zamani sana."

"Ulipata shida yoyote na ule usingizi?"

Tahvo aligeuza macho dirishani. Theluji ilikuwa imelala kwenye mapaa ya magari, nene kama magodoro. Alikaa hivyo muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

"Mimi?" akasema. "Hapana."

Saimi aliisikia ile "mimi". Ilimkaa kichwani kama kokoto ndani ya kiatu. Alifungua kinywa kumuuliza tena, kisha akakifunga. Huko Kainuu, mkoa wao wa misitu na maziwa, mtu mzima akisema hapana, amemaliza. Ukimuuliza mara ya pili ni kama umemwita mwongo mbele ya dada yake. Na huyu alikuwa mzee aliyekata miti msituni miaka arobaini bila kumwomba mtu amshikie hata shoka. Saimi akaandika: hapana.

Daktari wa usingizi aliitwa Rauno. Mtu mpole, mrefu, aliyekuwa akiwashonea wanawe soksi zilizotoboka wakati wa mapumziko. Alimwangazia Tahvo kinywani, akamgusa shingo, akaisoma fomu mara mbili.

"Kinywa kinafunguka upana wa vidole viwili," alimwambia Saimi kwenye ukumbi. "Si vibaya sana. Ningekuwa na sababu, ningempitishia mpira puani kwa kamera akiwa macho. Lakini akikohoa hilo jipu litampasukia mapafuni. Na mara ya kwanza alilala akaamka vizuri, si ndiyo?"

"Ameandikisha hivyo," Saimi akasema.

"Basi tumlaze haraka. Wewe unaonaje?"

Rauno alikuwa na desturi ya kuuliza. Huko daktari huitwa kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote, na muuguzi ana haki ya kumwambia hapana. Saimi aliitafuta ile kokoto akakosa jina la kuipa. Angesemaje? Kwamba mzee alitazama dirishani?

"Sawa," akasema.

Saa tatu kasoro kidogo Tahvo alikuwa juu ya meza, mgongo wake umeinuliwa ili aweze kupumua. Marketta, daktari mpasuaji wa kinywa na taya, alikuwa amevaa tayari, mikono yenye glavu ameikunja kifuani. Sirkka alikuwa akipanga vyombo vyake.

"Msinikate ndevu," Tahvo akasema. "Lempi hatanijua."

"Zina lami ya kutosha kuziba mashua hizo," Sirkka akajibu. "Tutakuibia tu jino."

Saimi alimpaka mafuta mazito kwenye ndevu ili barakoa ya oksijeni ishike, akaibana usoni kwake. Hata hivyo aliisikia hewa ikitorokea pembeni.

"Vuta pumzi ndefu," Rauno alimwambia. "Jifanye uko saunani."

"Sauna gani baridi hivi," Tahvo akanung'unika ndani ya barakoa, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa siku nyingi.

Saimi alisukuma dawa ya kwanza, nyeupe kama maziwa. Macho ya Tahvo yakafumba. Akasukuma ya pili, ile inayolegeza kila msuli wa mwili, na misuli ya kupumulia haiachwi. Kuanzia hapo pumzi ya mzee ilikuwa mikononi mwao.

Mashine ilikuwa ikilia tii, tii, tii, kwa sauti nyembamba ya juu. Kila mtu wa kazi ile anaijua tabia yake: oksijeni ikishuka mwilini, mlio nao hushuka, ukawa mzito zaidi na zaidi. Huna haja ya kutazama namba. Masikio yanakuambia.

Rauno aliingiza kioo cha koo, chuma kilichopinda chenye kamera nchani. Kwenye skrini ilitokea nyama nyekundu, mate, usaha, nyama tena. Pale palipotakiwa kuonekana mlango wa njia ya hewa hapakuwa na mlango.

"Naona uvimbe tu. Saimi, nibonyezee shingo."

Saimi alitia vidole ndani ya ndevu akitafuta kikoromeo. Alipapasa juu, akapapasa chini. Hakukiona. Shingo yote ilikuwa kitu kimoja, kama unga uliokandwa ukaachwa ugande. Na kidevu, ambacho ndevu zilikuwa zimekificha miaka yote, hakikuwapo. Taya liliishia tu nyuma, fupi, kama la ndege.

Kokoto ikasogea ndani ya kiatu.

"Fimbo," Rauno akasema. Saimi akampa ile fimbo nyembamba laini inayotangulia kuutafutia mpira njia. Rauno akaisukuma kwa kubahatisha, ikagonga, ikarudi na damu.

"Tisini na moja," Sirkka akasema polepole, akiisoma namba ya oksijeni.

"Tumpe hewa kwanza." Rauno alirudisha barakoa, akaibana kwa mikono miwili. Saimi akaukamua mfuko wa hewa. Hewa ikatoka pwii kupitia kwenye ndevu. Wakaongeza mafuta, wakabana zaidi, Saimi akakamua tena, na mara hii mfuko ukawa mgumu kama jiwe. Kifua cha Tahvo hakikuinuka hata unene wa karatasi.

Tii ikawa too.

"Themanini na tatu."

Walijaribu barakoa ndogo ya kooni, ile ya mpira laini inayokaa juu ya mlango wa njia ya hewa. Ulimi uliovimba uliizuia katikati. Rauno aliizungusha, akaipinda, akaisukuma, akaitoa imejaa damu.

"Nipe kioo chenye chuma kirefu."

Saimi alimpa. Ilikuwa mara ya tatu ya kuutafutia mpira njia. Jasho lilikuwa likimdondoka Rauno puani likiingia ndani ya barakoa yake mwenyewe. Hakuna aliyesema neno. Marketta alisimama na mikono yake kifuani, akingoja aambiwe. Sirkka alitazama namba. Wote walikuwa wamelelewa hivyo: mtu anayefanya kazi ngumu usimpigie kelele, mwache, anajua anachofanya. Katika chumba kile walijivunia kwamba kazi ikienda vizuri husikii kitu ila mashine. Ukimya ule ulikuwa umewaponya wengi. Leo ulikuwa unamuua mtu.

Too. Too. Sabini na moja.

Saimi aliufungua mfuko mwekundu uliokuwa ukining'inia ukutani. Ndani yake mlikuwa na kisu, fimbo na mpira mwembamba, vitu vitatu tu. Akaviweka kifuani kwa Tahvo, mahali ambapo kila mtu angeviona. Kila mtu aliviona. Hakuna aliyevigusa.

Maneno yalikuwa ukutani mbele yake, meusi kwenye karatasi nyeupe. Alikuwa ameyasoma mara mia.

"Mpira hauingii," akasema. "Hewa haipiti. Tunakata shingo."

Yalitoka kama alivyoyatoa kwa nguruwe. Marketta aligeuza kichwa kidogo. Rauno hakugeuka.

"Nimekaribia," Rauno akasema, kana kwamba anaongea na kile chuma. "Mara moja tu. Nimekiona kitu."

Sitini na tatu. Midomo ya Tahvo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau mbivu. Mlio wa mashine sasa ulikuwa mzito kama wa ng'ombe aliye mbali, na mapigo ya moyo yalianza kuachana.

Saimi alifikiri, nimeshasema. Nimetimiza. Kisha akamwona Tahvo ameketi ukingoni mwa kitanda akiitazama theluji. *Mimi? Hapana.* Alikuwa amemuuliza mara moja, akaona inatosha.

"MPIRA HAUINGII!"

Hakuijua sauti ile. Ilikuwa ya mtu anayeita mashua kutoka ng'ambo ya ziwa. Trei ya Sirkka ililia.

"HEWA HAIPITI! TUNAKATA SHINGO! Rauno, toa hicho chuma. Mpe oksijeni hapo juu tu, usimwingize kitu kingine. Marketta, njoo. Kisu hiki hapa."

Rauno alitoa mikono kama aliyeungua. Marketta alikuwa ameshafika. Sirkka akamwaga dawa ya kuua vijidudu juu ya ndevu, chubwi, chupa nzima.

"Sikipati kikoromeo," Marketta akasema, vidole vikihangaika. "Hakuna mfupa hapa, ni uvimbe mtupu."

"Hutakipata kwa juu ya ngozi," Saimi akasema. "Kata kuanzia juu kwenda chini, katikati, mkato mrefu. Halafu ingiza kidole ukitafute."

Ndivyo walivyofundishwa Oktoba kwa shingo nene. Marketta alikata. Kipande cha ndevu kilianguka pamoja na ngozi, damu ikaja kwa wingi, nyeusi. Akatia kidole ndani hadi pingili ya pili. Alifumba macho ili aone vizuri kwa kidole.

Hamsini na nne. Moyo arobaini na mbili.

"Kuna... hapana. Ngoja. Hapa." Alifungua macho. "Hapa, gegedu. Chini yake ni laini."

Kisu kiliingia pale palipokuwa laini. Mapovu ya damu yakatoka.

"Fimbo."

Saimi alikuwa ameishika tayari. Fimbo ikapita, mpira ukaifuata, ukakwama kidogo kwenye ngozi, Marketta akauzungusha, ukaingia. Saimi akaunganisha mfuko, akakamua.

Kifua cha Tahvo kiliinuka.

Kwenye skrini ulitokea mstari uliopanda ukashuka kama mlima mdogo. Ile ni hewa iliyotoka mapafuni, haidanganyi. Lakini namba ya oksijeni ilizidi kushuka. Hamsini. Arobaini na sita. Huwa inachelewa, damu inahitaji muda kufika kidoleni kwenye kipimo. Wote walijua hivyo, na wote wanne waliitazama kana kwamba hawajui.

Arobaini na nne.

Arobaini na nne.

"Panda, mzee," Sirkka akasema. "Panda, ukaidi wako uuonyeshe hapo."

Arobaini na saba. Hamsini na tano. Mlio ulianza kupanda, too, tuu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo mgongoni. Sabini. Themanini na nane. Ulipofika tii, Rauno aliketi sakafuni pale pale, mgongo ukutani, na hakuna aliyemtazama, kwa heshima.

"Haya," Marketta akasema. "Sasa nimtoe hilo jino, lisije likawa limemponza bure."

Usaha ulijaa vikombe viwili.

*

Kumwokoa mtu pumzi ni jambo moja. Kujua ubongo wake umekaa njaa kwa kiasi gani ni jambo jingine, na hilo lingejulikana siku atakayoamshwa.

Saimi alimkuta Lempi kwenye chumba cha kungojea, anafuma soksi, kikombe cha kahawa kimepoa kando yake. Alimweleza yote, bila kuficha. Lempi hakulia. Alisimamisha sindano zake, akahesabu vitanzi, kisha akafungua mkoba akatoa pochi ya kaka yake.

"Anayo karatasi moja," akasema. "Huibeba pamoja na kibali chake cha kuwinda."

Ilikuwa imekunjwa mara nne na kugeuka manjano. Imeandikwa Kiswidi, na mhuri wa hospitali ya huko, miaka arobaini na zaidi iliyopita. Saimi aliisoma kwa taabu, kwa Kiswidi chake cha shule. *Koo la mgonjwa huyu ni gumu mno. Tulishindwa kumwekea mpira mara nne. Asilazwe tena kabla ya kuwekewa mpira akiwa macho. Aonyeshe karatasi hii kila anapotibiwa.*

"Mbona hamkutuonyesha, mama Lempi?"

"Nilidhani mnajua," Lempi akasema. "Nyie si hospitali? Na mlikuwa na shughuli zenu. Sikutaka kuwasumbua."

Rauno alikuwa jikoni kwa wafanyakazi, mikono imekizunguka kikombe. Saimi akaiweka ile karatasi mezani. Rauno aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maneno zaidi.

"Nilimuuliza mara moja tu," Saimi akasema. "Alisita. Nilimwona akisita. Nikaandika hapana."

Rauno aliikunja karatasi mara nne, kama ilivyokuwa.

"Na mimi nilikusikia ile mara ya kwanza," akasema. "Uliponong'ona. Usidhani sikukusikia. Nilisikia kila neno, nikasema moyoni, akinyamaza nitajaribu tena." Alikigeuza kikombe. "Sasa nikiandika ripoti nitaandika hivyo."

"Na mimi nitaandika ya kwangu."

"Haya. Karatasi zipo nyingi."

*

Walimwamsha Jumamosi saa nne. Jua la Februari lilikuwa limeingia chumbani kwa ubapa, likakaa juu ya blanketi. Mpira ulikuwa bado shingoni mwake, kwa hiyo hakuweza kusema. Nusu ya ndevu haikuwapo. Saimi alisimama upande mmoja wa kitanda, Lempi upande wa pili na soksi yake iliyokwisha kufikia kisigino.

"Tahvo," Saimi akasema. "Ukinisikia, nibane mkono."

Mkono ulilala tu. Mkono mkubwa, wenye sugu, kucha zina lami.

Lempi aliacha kufuma.

Saimi alivuta pumzi. "Tahvo!" akaita, sauti ile ya ng'ambo ya ziwa. "Nibane mkono!"

Akabana. Akabana hadi vidole vya Saimi vikalia.

"Alisikia tangu mara ya kwanza," Lempi akasema, akipangusa pua kwa soksi. "Namjua. Alikuwa anafikiri kama kuna haja."

Mchana alikuwa ameketi. Walimpa ubao mdogo na kalamu. Saimi akamwonyesha karatasi ya manjano.

"Nilikuuliza kama ulipata shida na usingizi. Ukasema hapana."

Tahvo aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyezoea kuandika namba kwenye magogo: MIMI SIKUPATA. NILILALA. SHIDA WALIPATA WAO.

Lempi alicheka hadi akaketi. Saimi alitaka kukasirika akashindwa. Alichukua fomu mpya, kwa sababu sheria ilidai fomu mpya.

"Kuna maumivu yoyote?"

Tahvo akatikisa kichwa. Hapana. Kisha akageuza macho dirishani, kwenye theluji.

Saimi hakuandika. Alivuta kiti akaketi karibu na goti la mzee, kalamu ikiwa imeinuliwa.

"Tahvo. Kuna maumivu yoyote?"

Mzee alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeupima mti kabla ya kuuangusha. Kisha akaufuta ubao kwa kiganja, akaandika:

JINO LA UPANDE WA PILI. TANGU KRISMASI.